Mama wa siku mbili na rafiki wa wiki sita: nani anaruhusiwa kulala hosteli ya chuo?

"Shikamoo mama. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili hapa Dar es Salaam, ninaishi hosteli ya chuo katika chumba cha watu wanne. Kuna mambo mawili yananinyima usingizi. La kwanza, mama yangu anakuja kutoka Njombe mwishoni mwa mwezi kwa ajili ya kliniki Muhimbili, na hatuna ndugu hapa mjini. Nataka alale kitandani kwangu siku mbili, mimi nilale chini. Wenzangu wamekubali, na nimesikia kwamba mzazi huwa anaruhusiwa. La pili, mmoja wa wenzangu anambeba rafiki yake, yaani anamlaza kwenye kitanda chake, sasa ni wiki ya sita. Ni msichana mpole, lakini tumekuwa watano, maji hayatoshi, vitu vinahama mahali pake, nami siwezi kusoma usiku. Nikisema nitaitwa mnoko. Nikinyamaza naogopa ukaguzi ukija tutaadhibiwa sote. Tena nitamkatazaje mwenzangu, ilhali mimi mwenyewe nataka kumlaza mama yangu? Binamu yangu anayesoma Marekani ananiambia kwao mgeni analala bila tatizo. Kwa nini sheria zetu ziko hivi, na nifanye nini?"

Marahaba, binti yangu. Nimelisoma swali lako mara mbili, na mara ya pili nikaona kwamba kinachokuelemea zaidi ni ile sentensi uliyoiandika karibu na mwisho: utamkatazaje mwenzako jambo ambalo wewe mwenyewe unataka kulifanya? Umeyafunga mambo mawili kwa kamba moja, ukajikuta umefungwa pamoja nayo. Mama anayelala siku mbili akielekea kliniki na mwanafunzi aliyehamia chumbani kwa wiki sita ni mambo yenye asili tofauti na dawa tofauti, hata kama kijitabu cha kanuni kimeyaweka katika ukurasa mmoja. Nitaanza na kanuni yenyewe, kisha nitarudi kwa rafiki, na mama nitamweka mwisho kwa sababu ndiye mwenye tarehe.

Nimekuwa mlezi wa hosteli za wanafunzi kwa miaka mingi, kwanza kama matroni na baadaye katika ofisi ya mshauri wa wanafunzi. Kila chuo kina kanuni zake, kwa hiyo nitakaposema "kanuni" uitafute nakala ya chuo chako. Mara nyingi ni kile kijitabu mlichopewa wiki ya kwanza, ambacho wengi wenu mmekitumia kufunikia ndoo.

Watu wanaolala au kuingia chumbani bila kupangiwa ni wa namna tatu. Yuko mgeni wa mchana, ambaye huacha kitambulisho getini, huandikwa katika kitabu cha wageni, hupokewa sebuleni au kwenye vimbweta vya nje, na jioni huondoka. Huyu hana ugomvi na mtu isipokuwa akisahau saa. Yuko mgeni wa kulala, ambaye sababu ya kuja kwake inajulikana na siku yake ya kuondoka inajulikana. Vyuo vyetu vingi humkataa, au humkubali kwa kibali cha maandishi tu. Wa tatu hatumwiti mgeni kabisa. Ana ufunguo wake wa kuchonga, mswaki wake umo katika kikombe kimoja na wa mwenyeji, na usiku wawili hao hulala mzungu wa nne kwenye godoro la futi mbili na nusu. Wanafunzi wa Nairobi humwita mtu huyu kwa neno la Kiingereza lenye maana ya haramia wa baharini. Sisi tukachagua neno la upole zaidi, kubebana, kana kwamba ni mtoto mgongoni kwa mama yake. Upole wa neno hilo umeficha jambo moja ambalo nataka ulishike: mwenzako hambebi rafiki yake peke yake. Ninyi watatu mnambeba pia, katika maji, hewa, nafasi na usingizi, ila ninyi hamkuulizwa.

Wanafunzi wengi huniambia, "Mama, chumba nimelipia, nina haki ya kumweka nimtakaye." Haya ndiyo makosa ya kwanza ninayopaswa kuyarekebisha. Ulicholipia ni kitanda, na haki ya kutumia chumba, choo na korido pamoja na wenzako kwa muda wa masomo. Hukukodi nyumba. Mpangaji wa mtaani hukabidhiwa chumba akakifunga kwa kufuli yake. Mkazi wa hosteli hupewa ruhusa ya kukaa kwa masharti aliyoyatia saini, na chuo hubaki na chumba chake. Hivyo huwezi kugawa kitanda chako kama vile huwezi kumpa mtu mwingine kiti chako cha chumba cha mtihani, hata kama ada umelipa yote.

Hesabu ya vitanda ndiyo hesabu ya kila kitu kingine. Chukua hosteli za Magufuli pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, zilizozinduliwa Aprili 15, 2017: majengo 20 kwa wanafunzi 3,840, yaani 192 kwa kila jengo. Mtu anayechora jengo la namna hiyo huanza na idadi ya watu, kisha hutafuta idadi ya vyoo, ukubwa wa matangi, unene wa nyaya za umeme na upana wa ngazi. Kila chumba cha watu wanne kikimbeba mtu mmoja tu, jengo la watu 192 linakuwa na watu 240. Hakuna anayeongeza tangi. Ndiyo maana mnaamka saa kumi alfajiri kupanga foleni ya ndoo mkidhani kwamba tatizo ni DAWASA, mamlaka ya maji ya jiji, peke yake.

Lakini maji ni usumbufu tu. Sababu inayonifanya mimi nisiwe na mzaha na jambo hili ni orodha ya majina. Usiku wa kuamkia Septemba 6, 2024, bweni la wavulana la shule ya Hillside Endarasha, katika kaunti ya Nyeri nchini Kenya, liliungua, na watoto 21 wakafariki. Siku ile viongozi walitangaza kwamba watoto wapatao 70 hawajulikani walipo, na baadaye wengi wao wakapatikana wakiwa hai: wengine walikuwa wamechukuliwa na wazazi, wengine wamepewa hifadhi na majirani. Fikiria saa hizo za wazazi waliokuwa wakisubiri getini. Sasa geuza hesabu hiyo upande wa pili. Katika hosteli yenye kubebana wapo watu ndani ya jengo ambao hakuna karatasi inayowataja, na moto ukitokea hakuna atakayeuliza, "Yuko wapi fulani?" kwa sababu fulani hakuwapo rasmi.

Mimi mwenyewe nimesimama uwanjani usiku wa saa nane, moshi ukitoka ghorofa ya pili kwa sababu ya jiko la umeme lililoachwa kwenye soketi, nikiita majina kwa tochi. Orodha yangu ilitimia, nikashusha pumzi. Kisha msichana mmoja akaanza kulia na hakutaka kusema kwa nini. Ilituchukua muda kumbembeleza hadi akakiri kwamba alikuwa na mgeni, na mgeni huyo hakumwona. Tulimpata bafuni, amejifungia, akiogopa zaidi kukamatwa na matroni kuliko moshi. Alitoka salama. Tangu siku hiyo nimeacha kuwaambia wanafunzi kwamba kanuni ni kanuni. Nawasimulia habari ya bafu lile.

Afya nayo ina lake. Kunguni husafiri kwa mabegi na mablanketi, na chumba kikipuliziwa dawa Jumamosi huku kitanda kimoja kinapokea begi jipya kila wiki, dawa hiyo imemwagwa bure. Kifua kikuu huenea kwa hewa katika vyumba vilivyobanana na kufungwa madirisha. Mnakumbuka ugonjwa wa macho mekundu ulivyozunguka Dar es Salaam mwanzoni mwa mwaka 2024. Katika hosteli macho hayo huhama kwa taulo moja. Na anayelala chini, binti yangu, aghalabu hana pa kufunga chandarua. Hilo nalisema kwa ajili ya rafiki huyo, na kwa ajili yako pia uliyepanga kulala sakafuni.

Makosa ya pili ninayokutana nayo ni kudhani kwamba kanuni hii ni ya kuwatenganisha wavulana na wasichana, na kwa hiyo msichana akilala kwa wasichana hakuna aliyekosewa. Ni kweli kwamba vyuo vyetu huzuia jinsia moja kuingia vyumba vya jinsia nyingine, na adhabu yake huwa kali zaidi. Hata hivyo yote niliyoyataja hapo juu, kuanzia tangi hadi orodha, hayaulizi jinsia ya mtu. Nawalaumu kidogo walezi wenzangu kwa dhana hiyo: tumezoea kuitetea kanuni kwa hoja ya maadili peke yake, na mwanafunzi anayeona kwamba mgeni wake ni dada wa heshima anaondoka akiamini kwamba kanuni haimhusu.

Kuhusu binamu yako wa Marekani, anasema kweli, ila amekupa nusu yake. Vyuo vingi vya huko humruhusu mgeni kulala kwa siku chache, lakini kwa masharti: mwenza wa chumba akubali kwanza, mgeni aandikishwe pale inapotakiwa, na mwenyeji awajibike kwa lolote atakalolifanya mgeni wake. Katika vyuo vingi, mwanzoni mwa mwaka wanaoishi chumba kimoja huketi na kujaza makubaliano ya maandishi kuhusu saa za kulala, usafi, vitu vya kuazimana na wageni. Tena si vyuo vyote vilivyo hivyo. Chuo Kikuu cha Notre Dame, cha Wakatoliki, katika jimbo la Indiana, bado kina saa ambazo wageni wa jinsia nyingine sharti wawe wametoka bwenini: saa sita usiku siku za kawaida, saa nane usiku Ijumaa na Jumamosi. Muhimu zaidi, chumba cha kawaida cha huko ni cha watu wawili, hivyo idhini ya mtu mmoja inatosha. Chumba chako kinahitaji idhini ya watu watatu, na kimo katika jengo lenye shinikizo la vitanda ambalo binamu yako halijui. Pamoja na hayo, yale makubaliano ya maandishi ni jambo jema, na ningependa tungeliiga kabla ya kuiga mambo mengine mengi.

Nisije nikaonekana kwamba nasimama upande wa geti tu. Anayebebwa mara nyingi si mjanja wala mvivu. Ni mwanafunzi mwenzako aliyekosa kitanda. Vyuo vimepanua udahili kwa kasi ambayo mabweni hayakuifuata. Aliyekosa nafasi huambiwa atafute chumba mtaani, na huko mwenye nyumba anataka kodi ya miezi mitatu au sita kwa mkupuo, huku boom, ile fedha ya mkopo wa wanafunzi, haijaingia na baba kijijini anasubiri mavuno. Msichana wa miaka kumi na tisa aliyefika mjini mara ya kwanza akiona geto lililo mbali, lenye njia ya giza, na akiwa na rafiki aliye na kitanda ndani ya uzio wenye askari, uamuzi wake naelewa umetoka wapi. Mimi nimewahi kuona na kunyamaza, wiki ya kwanza ya muhula, nikijua kwamba nikimtoa msichana usiku ule nitakuwa nimempeleka mahali pabaya zaidi. Huruma hiyo ina kikomo, na kikomo chake ni pale inapogeuka kuwa mpango wa kudumu ambao wengine wanaulipia. Inageuka kuwa jambo jingine kabisa pale anayebebwa anapomlipa mwenye kitanda. Hiyo ni kuuza nafasi ya chuo, na kanuni nyingi huitaja peke yake kama kosa kubwa lenye kupoteza chumba. Kwa hiyo, ukipata kujua kwamba kuna fedha inayopita kati yao, usiipokee hata shilingi kwa jina la soda au la sabuni. Ukiipokea umeingia katika biashara hiyo.

Hofu yako ya kuadhibiwa pamoja nao si ya bure, ila imekuzwa na maneno ya korido. Adhabu ya kumlaza mtu humwangukia kwanza mwenyeji, ambaye anaweza kupewa onyo la maandishi, faini, au kunyang'anywa chumba. Kwa wenzake, kanuni hutofautiana: vipo vyuo vinavyosema kwamba anayejua na kunyamaza anashiriki kosa, na vipo visivyosema lolote. Soma fomu uliyoisaini siku ya kupewa ufunguo. Jibu limo humo. Pamoja na hayo, chuo hakiwezi kukuhukumu kwa sababu tu kitanda chako kiko hatua mbili kutoka kwa kitanda chake. Ibara ya 13(6)(a) ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano inampa mtu ambaye haki zake zinaamuliwa na mahakama au chombo kingine haki ya kusikilizwa kikamilifu na ya kukata rufaa. Ukiitwa, omba tuhuma kwa maandishi, nenda na kiongozi wa serikali ya wanafunzi ukipenda, na useme ukweli wa tarehe. Ukaguzi nao una adabu yake: hosteli ya wanawake hukaguliwa na mwanamke, au akiwapo mwanamke, na anayekuja usiku peke yake akidai kwamba anakagua, umwache nje umpigie matroni simu.

Sasa, la kufanya kuhusu rafiki. Usianze ofisini, na usianze kwenye kundi la WhatsApp la chumba, ambako kila neno litasomwa kwa sauti ya hasira. Mtafute mwenzako mkiwa wawili, mchana, nje ya chumba, rafiki yake akiwa hayupo. Usiseme habari za tabia ya rafiki huyo, maana umesema mwenyewe kwamba ni mpole. Sema habari za chumba. Maneno yanaweza kuwa haya: "Najua alikosa kitanda, na mwanzoni sikuona shida. Sasa ni wiki ya sita, na mimi nashindwa kusoma wala kulala. Naomba tukubaliane siku ambayo atakuwa amepata pengine, na kama kuna barua ya kuandika ofisini nitakusaidia kuiandika." Utaona kwamba ndani yake mna tarehe na mna msaada. Malalamiko yasiyo na tarehe huishia kwa "tutaangalia", na tarehe isiyo na msaada husikika kama kumfukuza mtu. Wiki mbili ni muda wa haki. Kabla ya mazungumzo hayo, waulize wale wenzenu wawili waliobaki wanaonaje. Mara nyingi wana yaleyale moyoni na wamekuwa wakikungoja wewe uanze.

Msaada wenyewe upo, na watu hawautumii. Baada ya wiki za kwanza za muhula vitanda huachwa na walioahirisha masomo, waliohama vyuo, au waliopangiwa chumba lakini wakaamua kukaa kwa ndugu. Ofisi ya malazi huvigawa vitanda hivyo kwa waliopeleka maombi ya maandishi, hasa wenye ulemavu, wagonjwa, na wale ambao hali yao inajulikana kwa mshauri wa wanafunzi. Anayebebwa kwa siri hayumo katika orodha hiyo kwa sababu, kwa macho ya ofisi, hana shida: hajalalamika. Nimewaona wasichana waliokaa muhula mzima mzungu wa nne wakati kitanda kilikuwa wazi ghorofa ya juu yao. Kwa hiyo kumshauri rafiki huyo aende ofisini akajitaje si kumsaliti, na ofisi yenye busara humpokea kama mwenye shida ya malazi kabla ya kumwona kama mkosaji. Siwezi kukuahidi kwamba kila ofisi ina busara hiyo. Ndiyo maana nasema aanze kwa mshauri wa wanafunzi, ambaye kazi yake ni kusikiliza, na ofisi ya malazi ifuate.

Ikiwa wiki mbili zitapita na hakuna kilichobadilika, nenda kwa kiongozi wa wanafunzi anayeshughulikia jengo lenu, na baada yake kwa matroni au msimamizi wa hosteli. Sema kwamba chumba kina watu watano na kwamba umezungumza na mwenzako tarehe fulani. Unaweza kuomba jina lako lisitajwe, na mlezi mwenye uzoefu ataitisha ukaguzi wa korido nzima badala ya kugonga mlango wenu peke yake. Utaitwa mnoko? Huenda, kwa wiki moja. Nimeona urafiki mwingi wa chumba ukivunjika, na haukuvunjwa na aliyesema mapema kwa adabu. Ulivunjwa na aliyenyamaza miezi mitatu kisha akalipuka siku ya mtihani.

Yapo mambo ambayo hayangoji wiki mbili wala mazungumzo ya faragha. Mwanamume akiletwa kulala chumbani, ukitishwa, ukiguswa usivyotaka, vitu vya thamani vikiibiwa, au mtu yeyote chumbani akiwa na kikohozi kisichokoma zaidi ya wiki mbili, homa kali yenye shingo ngumu, au dalili za kutaka kujidhuru, nenda ana kwa ana siku hiyohiyo: kwa matroni, zahanati ya chuo, au dawati la jinsia la polisi kulingana na jambo lenyewe. Vivyo hivyo ukigundua kwamba msichana huyo amejificha kwenu kwa sababu anamkimbia mtu anayempiga. Hapo suala la kitanda linakaa pembeni kabisa, na anahitaji mtu mzima mwenye mamlaka wa kumlinda, si wasichana wanne na komeo la mlango.

Nimefika kwa mama. Umesikia kwamba mzazi huwa anaruhusiwa, na habari hiyo imetokana na ukarimu wa walinzi wetu, ambao humwona mama mwenye kanga na mfuko wa viazi wakamfungulia geti bila maswali. Kufunguliwa geti ni kuingia. Kulala kunahitaji kibali. Ridhaa ya wenzako watatu ni sharti la kwanza, umeipata, na nakupongeza kwa kuwauliza, maana hapo ndipo unapotofautiana na mwenzako. Lakini haitoshi, na mimi nisingependa umwingize mama kwa siri hata kama ningejua kwamba hamtakamatwa. Mama anakuja kwa sababu anaumwa. Akizidiwa saa tisa usiku katika chumba ambamo hatakiwi kuwamo, utasita kabla ya kumwita matroni. Utasita dakika tano, utajaribu maji, utajaribu panadol, utamwuliza mwenzako. Kusita huko ndiko ninakokuogopa. Ongeza ngazi, choo cha pamoja cha mwisho wa korido, na kitanda ambacho kama ni cha juu mama hawezi kukipanda, utaona kwamba hata kwa starehe hosteli si mahali pa mgonjwa.

Andika barua kwa msimamizi wa hosteli angalau wiki moja kabla. Iwe fupi: jina lako, namba ya usajili na chumba, jina la mama na namba ya kitambulisho chake, tarehe ya kufika na tarehe ya kuondoka, sababu, na majina ya wenzako watatu waliokubali, pamoja na saini zao. Ambatisha nakala ya kadi ya kliniki au barua ya rufaa. Ujiandae kwa swali kuhusu yule wa tano: huwezi kuomba kibali kwa chumba chenye mtu wa siri na ukategemea kwamba hakuna atakayechungulia. Zipo hosteli zenye chumba cha wageni ambacho wanafunzi wengi hawajui kwamba kipo, na wapo walezi wanaotoa ruhusa kwa mama mzazi kwa siku moja au mbili. Ukikataliwa, uliza palepale, "Mama, unanishauri nimlaze wapi?" Matroni wa siku nyingi anazijua gesti safi za jirani kuliko mtandao wowote.

Ukikosa kibali, geuza mpango: badala ya mama kukufuata hosteli, wewe mfuate mama. Tafuta gesti yenye staha ambayo kutoka hapo kwenda Muhimbili hakuna mabadiliko mengi ya daladala; upande wa Kariakoo na Ilala zipo nyingi. Nenda ukaione mchana, uangalie choo, chandarua na ngazi, uulize bei ya watu wawili, kisha ujiandikishe hosteli kwamba hutalala kwa siku hizo mbili. Kulala naye chumba kimoja kuna faida ambayo hosteli isingekupa, kwani utamsikia usiku na asubuhi mtaondoka pamoja. Kama fedha ni ndogo, punguza idadi ya siku. Tangu mwaka 2023 mabasi yameruhusiwa tena kusafiri usiku, kwa hiyo mama anaweza kuondoka Njombe jioni akashuka stendi ya Mbezi asubuhi ya siku ya kliniki, mkalipia usiku mmoja tu. Hilo lifanyeni ikiwa hali yake inamruhusu kukaa kwenye kiti kwa takriban kilomita 700, na si vinginevyo. Waulize pia watu wa nyumbani. Kanisani au msikitini kwenu Njombe hakuna asiyemjua mtu wa Dar es Salaam, na mwanafunzi mwenzako ambaye wazazi wake wanaishi Kimara au Tabata anaweza kuwa na chumba cha mgeni na mama yake akafurahi kupata wa kuzungumza naye. Ikiwa daktari atasema matibabu yatachukua wiki kadhaa, usijaribu kulibeba hilo peke yako. Fika Idara ya Ustawi wa Jamii ya hospitali, ambayo kazi yake ni pamoja na wagonjwa waliotoka mbali wasio na ndugu mjini.

Zungumza na mwenzako kwanza, wiki hii, kisha uipeleke barua ya mama. Ukiipeleka barua kwanza, mwenzako ataona umemchongea ili upate kibali chako, na hata kama sivyo hutaweza kumshawishi. Mpe mama pole zangu, na umwambie aje na kadi zake zote za zamani na vipimo vyote alivyowahi kufanya, hata vile vilivyochakaa, maana asubuhi ya kliniki si saa ya kupiga simu Njombe kuuliza bahasha iko kabati lipi.